Mawe Mawili Mfukoni

Sheria ya Musa ilimkataza mfanyabiashara wa Israeli asichukue mawe mawili ya kupimia katika mfuko wake, moja kubwa na moja dogo. Kosa halikuwa katika jiwe, maana kila jiwe lina uzito wake na halisemi uongo. Kosa lilikuwa katika moyo wa mtu achaguaye jiwe kwa kadiri ya faida yake: akinunua hutoa moja, akiuza hutoa jingine. Twaandika haya kwa sababu mawe hayo mawili twayaona katika mifuko ya Wakristo wengi wa nchi yetu, hapa Dirma na pande zote za Hanang na Mbulu. Wala hawapimii mahindi wala chumvi ya Balangida, bali wapimia kweli.

Jambo lenyewe ni hili. Katika somo la historia watoto hufundishwa habari za Bonde la Olduvai, lililo kaskazini yetu, upande wa Ngorongoro. Mwalimu huwaambia kwamba fuvu lililoonekana huko mwaka 1959 ni la zamani sana, limepita miaka 1,750,000. Mtoto huandika hivyo katika daftari lake. Akiulizwa katika mtihani hujibu hivyo. Na baba yake hufurahi kwa alama alizopata. Ikifika Jumapili, mtoto yule yule humsikia mzee wa kanisa, au mhubiri mgeni, akisema kwamba dunia nzima haijatimiza miaka 7,000, na kwamba wapimao mawe ni waongo waliotumwa na Shetani. Baba yake huitikia, Amina.

Basi tunauliza, mtoto huyu amefundishwa nini? Umri wa dunia hakufundishwa, maana ameachwa na hesabu mbili zisizopatana. Alilofundishwa ni kwamba kweli ni kama sare: ya shule huvaliwa shuleni, na ya kanisa huvaliwa kanisani, na mwenye akili ni yule ajuaye kubadili upesi. Mtoto wa namna hii akikua akawekwa kuwa mtunza hazina wa chama cha ushirika, ataandika hesabu moja kwa wanachama na nyingine kwa mkaguzi. Akiitwa kuwa shahidi barazani, atatazama kwanza nani yupo. Nasi tutashangaa, tukisema, Amepata wapi tabia hii? Ameipata kwetu.

Wako wanaosema, Jambo hili la mawe ni dogo, liacheni. Sisi hatuwezi kuliacha, kwa kuwa tumeona vijana wakiondoka kijijini kwenda shule za juu, na huko wakisoma jinsi vipimo hivi vinavyofanywa. Wakiona kwamba walidanganywa katika habari ya mawe, hufikiri kwamba walidanganywa na katika habari ya Kristo. Mhubiri aliyedhani anailinda imani yao ndiye aliyeifunga kwenye kamba iliyooza.

Kwa hiyo na tuitazame hiyo mizani yenyewe, maana wengi huikataa bila kuiona. Kila kitu, jiwe au maji au mfupa, kimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Atomu za kitu cha asili kimoja, tuseme potasi ile iliyo katika majivu ya jikoni, zina tabia moja, lakini si lazima ziwe na uzito mmoja. Nyingine ni nzito kidogo kuliko wenzake. Ndugu hawa wa asili moja wenye uzito mbalimbali ndio waitwao isotopu. Baadhi yao hukaa vile vile milele. Na baadhi yao hugeuka polepole kuwa kitu kingine, kwa mwendo usiobadilishwa na jua wala mvua wala miaka ya njaa.

Kuwatenga ndugu hawa wataalamu hutumia mashine yenye sumaku. Atomu hupewa nguvu ya umeme, kisha hurushwa kupita mbele ya sumaku, nayo huzivuta zikate kona. Sisi watu wa ng'ombe hatuhitaji kuelezwa sana. Kundi likikimbia na kufika penye kona, ndama hugeuka upesi karibu na mti, na fahali mzito hupita mbali kabla ya kugeuka. Ndivyo zifanyavyo atomu: iliyo nyepesi hugeuka karibu, iliyo nzito hugeuka mbali, na mwisho wa njia kila moja huhesabiwa mahali pake. Mashine za leo, kwa baadhi ya vipimo, zaweza kutambua tofauti ya sehemu moja katika 100,000. Ni kama mchungaji ajuaye kwamba katika ng'ombe 100,000 amepotea mmoja.

Sasa habari ya umri. Katika kila atomu 10,000 za potasi, yapata moja ni ya namna ile igeukayo, na sehemu ya hizo zigeukazo huwa hewa iitwayo argoni. Mwendo wake ni wa polepole sana: nusu yake hugeuka katika miaka milioni 1,250. Mlima wa moto utapikapo, jiwe lililoyeyuka huiachia hewa hiyo itoke. Lakini likiisha kupoa na kuwa gumu, argoni izaliwayo ndani haina mlango wa kutokea. Ni kama mtungi mtupu uliowekwa chini ya bomba livujalo. Ukijua matone mangapi huanguka kwa saa, nawe ukipima maji yaliyomo, utajua mtungi uliwekwa lini, hata kama hukuwapo ulipowekwa.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Olduvai. Fuvu lile liliokotwa na Bibi Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Mumewe, Louis Leakey, alizaliwa Kabete katika Kenya, mwana wa wamisionari wa Kiingereza, naye alikua akisikia sala kila siku. Wakati ule watu walikisia kwamba fuvu lina miaka yapata 600,000. Jack Evernden na Garniss Curtis wa chuo kikuu cha California wakayapima majivu ya volkano yaliyokuwa pamoja na tabaka lile, na mwaka 1961 wakatangaza miaka 1,750,000, karibu mara tatu ya makisio. Kwa mizani ya namna hiyo zilipimwa na nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978, ambazo viumbe wenye kwenda kwa miguu miwili walizikanyaga katika majivu mabichi ya volkano. Umri wake ni miaka yapata 3,660,000. Fuvu lenyewe lilirudishwa nchini mwaka 1965, nalo limewekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Twajua wapinzani wetu watajibu nini, maana tumeyasikia maneno yao mara nyingi. La kwanza husema, Nani alikuwapo? Nani aliyeona? Swali hili ni la kushangaza katika kinywa cha mfugaji. Ukienda mnadani kununua ng'ombe, je, hutafuta mtu aliyekuwapo siku ya kuzaliwa kwake? Humfungua kinywa ukatazama meno. Muuzaji akisema ng'ombe huyu ni mtamba, na meno yakasema ni mzee, huyaamini meno. Mungu ameweka katika kinywa cha ng'ombe ushahidi wa miaka yake, nasi twausoma bila kuogopa dhambi. Kwa nini basi tukatae kwamba ameweka ushahidi na katika jiwe?

La pili husema, Kipimo cha kaboni ni cha uongo, kimekwisha kushindwa. Wenye kusema hivi wamesoma kijitabu, lakini hawakusoma vizuri. Kaboni igeukayo hupungua nusu kwa miaka yapata 5,730, kwa hiyo hufaa kupima kuni, mifupa na magome ya hapo nyuma hadi miaka yapata 50,000, wala haivuki hapo. Mawe ya Olduvai hayakupimwa kwa kaboni hata kidogo. Mtu apigaye kaboni apate kuiangusha Olduvai ni kama mtu aliyegombana na wa Babati akaenda kumshtaki wa Singida.

La tatu husema, Wao wenyewe hubadili hesabu zao. Leo hivi, kesho vingine. Ni kweli hubadili, wala hatufichi. Tabaka la fuvu lile limepimwa tena kwa njia iliyo bora, na hesabu ya sasa ni miaka yapata 1,840,000. Lakini tazameni jinsi ilivyobadilika. Je, ilirudi kuwa 6,000? La, ilisogea kidogo tu. Mtu akikuambia shamba lako ni hatua 175, na mwingine mwenye kamba nzuri zaidi akasema ni hatua 184, huwezi kusimama na kudai kwamba basi shamba ni hatua moja. Tena mpimaji mwaminifu hutaja na kadiri ya shaka yake, asema, Ni hivi, yaweza kuzidi au kupungua kwa hivi. Na tuonyeshwe mhubiri wa miaka 6,000 aliyewahi kutaja kadiri ya shaka yake.

Hata hivyo twakubali kwamba kupima si kutabiri. Mwaka 2002 wataalamu waliokwisha kutoboa barafu ya Kilimanjaro walitangaza, kwa kupima isotopu za oksijeni na mambo mengine, kwamba barafu ya chini kabisa ilikuwa na miaka 11,700. Wataalamu wengine wameubishia umri huo, na ubishi wa namna hiyo ni halali. Tena walitabiri kwamba barafu yote ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu imepungua sana, lakini haijaisha. Atakayesema utabiri ule ulikosa, asema kweli. Atakayesema, Kwa kuwa utabiri ulikosa, mizani zote ni za uongo, huyo hatafuti kweli, atafuta kisingizio.

Sasa twafikia mawe mawili ya mfukoni. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Clair Patterson, alitangaza umri wa dunia yenyewe. Alipima isotopu za madini ya risasi katika vimondo, vipande vya chuma na mawe vilivyoanguka kutoka angani kama kile cha Mbozi, akapata miaka milioni 4,550, na shaka ya milioni 70 juu au chini. Hii ndiyo hesabu ambayo wapinzani wetu huichukia kuliko zote.

Lakini sikilizeni lililofuata. Patterson alipokuwa akipima, alisumbuliwa sana na risasi iliyoingia katika vipimo vyake kutoka kila mahali: katika vumbi, katika maji, katika nguo na nywele zake mwenyewe. Ikambidi ajenge chumba kisafi ajabu kabla hajapata hesabu ya haki. Ndipo akajiuliza, Risasi yote hii yatoka wapi? Akaona kwamba sehemu kubwa yatoka katika petroli, maana walikuwa wakiitia risasi ili injini zisigonge, na moshi wa magari ulikuwa ukiitawanya duniani pote. Risasi ni sumu, hasa kwa akili za watoto. Mwaka 1965 aliyaandika mambo hayo, na wenye biashara wakampiga vita. Lakini hesabu zake zilisimama. Marekani ikaikomesha petroli ya namna hiyo katika magari ya barabarani mwaka 1996. Mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara yalikubaliana Dakar mwaka 2001, na mwanzo wa mwaka 2006 yalikuwa yameiacha. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Basi, ndugu, amueni wenyewe. Mtoto wa leo akisimama kando ya barabara kuu ya Babati havuti tena risasi katika moshi wa basi. Mtu aliyefungua njia ya wema huo ndiye yule yule aliyepima umri wa dunia, kwa elimu ile ile, katika chumba kisafi kile kile. Je, mizani yake ilikuwa ya Mungu ilipowaponya watoto wetu, ikawa ya Shetani iliposema miaka milioni 4,550? Mwenye kusema hivyo anayo mawe mawili mfukoni.

Na maji je? Maji pia yana ndugu wazito na wepesi. Jua likiyakausha maji ya ziwa, mepesi hutangulia kupaa na mazito hubaki. Na mvua inyeshayo mlimani juu huwa nyepesi kuliko ile ya bondeni. Kwa hiyo mtaalamu aweza kupima maji ya chemchemi akajua kama yalitoka mvua ya juu ya mlima au yalivuja kutoka ziwani. Vipimo vya namna hii katika nchi za joto vimeonyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hujazwa hasa na mvua kubwa, si manyunyu. Sisi tukaao nchi yenye kiangazi kirefu tunahitaji sana elimu hii kabla ya kuchimba visima. Hatujapata kumwona mzee wa kanisa akikataa kisima kwa sababu ya vipimo vya isotopu. Maji huyanywa akashukuru, na kushukuru kwake ni vema. Kisha hupanda mimbarani akaivunja mizani.

Tena tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Siku zile watu walinong'ona kwamba volkano imelipuka, na wengine wakatafuta wa kulaumiwa. Wataalamu wa miamba wakasema, La, haikulipuka. Sehemu ya mlima iliyo dhaifu ilinyonya mvua nyingi, ikakatika. Tuliyaamini maneno yao, na hofu ikapungua kwa waliobaki. Jambo lile lenyewe halikuhitaji kupima isotopu. Lakini wakaao chini ya mlima wa moto wana haki ya kujua kama umelala miaka elfu nyingi, au kama ni jirani wa Oldoinyo Lengai uliotapika mwaka 2007. Na hayo hujulikana kwa kupima umri wa mawe yake. Tukiwaita wapimaji waongo mchana, usiku wa msiba tutamwuliza nani?

Yako na maandiko, nasi hatuyakimbii. Hesabu ya miaka 6,000 haimo katika aya yoyote. Ilifanywa na askofu wa Armagh katika Ireland, jina lake James Ussher, ambaye mwaka 1650 alijumlisha miaka ya wazee wa kale akasema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, akatumia mizani aliyokuwa nayo. Lakini alikuwa askofu mwenye kalamu, si nabii mwenye ufunuo. Na zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, Mwafrika mwenzetu, Augustino, askofu wa Hippo, alifundisha kwamba siku zile za kuumba si lazima ziwe siku kama hizi zetu. Tena aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mbingu na nchi mbele ya watu wasioamini wajuao mambo hayo, wasije wakaifanya imani ichekwe. Augustino alikufa mwaka 430. Onyo lake lilivuka jangwa na karne zote hizi, na bado halijafika katika mimbara zetu.

Wala tusidhaniwe kwamba twawapendelea wale wa upande wa pili, vijana waliosoma kidogo, warudio kijijini wakisema kwamba mashine imemzika Mungu. Hao nao wana mawe mawili. Mashine huhesabu atomu. Haina mahali pa kuhesabu rehema wala dhambi. Apimaye umri wa jiwe hajapima aliyeliumba, kama apimaye uzito wa barua asivyojua kilichoandikwa ndani.

Basi haya ndiyo tuyaombayo. Wazee wa kanisa, kabla hamjahukumu kipimo, mwiteni mwalimu awaeleze jinsi kinavyofanywa, kisha mbisheni mpendavyo. Walimu wenzetu, msiseme darasani hivi na kanisani mkanyamaza kwa kuogopa watu. Ukimya wenu ni jiwe la pili. Wazazi, mtoto akiwauliza nyumbani, Baba, lipi ndilo kweli? msimjibu kwamba la shule ni la mtihani tu. Mwambieni kwamba kweli ni moja, kwa kuwa Mungu ni mmoja, na kwamba yeye aliyeandika Neno ndiye aliyeandika na katika jiwe. Tukishindwa kusoma mahali pamoja, kosa ni la macho yetu. Na tulitoe mfukoni jiwe la pili, tulitupe.

Mwalimu, Dirma